Kukiuka Amri ya Probesheni: Hatua Zinazofuata Kisheria

Nchini Kenya, probesheni husimamiwa na Sura ya 64 ya Sheria za Kenya, ambayo huiruhusu mahakama, baada ya kuridhika kuwa shtaka limethibitishwa, kutompeleka mkosaji gerezani bali kumwacha aishi katika jamii chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa kipindi kisichopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Kabla ya kutoa amri hiyo, hakimu huzingatia umri wa mkosaji, tabia yake, mazingira ya nyumbani kwake, afya yake na aina ya kosa, mambo ambayo kwa kawaida huyapata katika ripoti ya afisa wa probesheni. Aidha, sheria humtaka aeleze kwa lugha nyepesi masharti ya amri na yatakayomfika atakayeyavunja, na amri haitolewi mpaka mkosaji akubali mwenyewe kuyafuata.

Wengi hutoka kortini wakiamini kwamba kesi imekwisha, ilhali kilichofanyika ni kuweka adhabu kando huku kosa lenyewe likibaki wazi hadi kipindi cha uangalizi kiishe. Hapa ndipo probesheni inapotofautiana na kifungo kilichoahirishwa, ingawa mitaani vyote viwili, pamoja na amri ya kutumikia jamii, huitwa kifungo cha nje. Katika kifungo kilichoahirishwa, idadi ya miezi hutajwa siku ya hukumu, kwa hiyo mhusika anajua kinachomngoja akikosea tena. Katika probesheni hakuna idadi iliyotajwa, na mahakama inapolirudia kosa la awali huwa na uhuru wa kutoa adhabu yoyote ambayo ingeweza kuitoa kama mtu huyo ndiyo kwanza ametiwa hatiani. Mfanyakazi aliyemwibia mwajiri wake, kosa ambalo kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu hulipangia kifungo cha hadi miaka 7, akiwekwa kwenye probesheni ya miaka 2 kisha akaikiuka mwezi wa ishirini, hakabiliwi na miezi 4 iliyosalia, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali na adhabu ya wizi ule. Muda alioutumia nje chini ya uangalizi si kifungo, hivyo hauhesabiwi kama siku za gerezani, japo wakili anaweza kuutaja katika kuomba huruma ya mahakama.

Ukiukaji ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kushindwa kutimiza masharti, kwa mfano kutofika kwa afisa siku zilizopangwa, kuhama makao bila kumjulisha, au kutoroka katika hosteli ya probesheni pale ambapo mahakama imeamuru mhusika akae huko. Katika hali hiyo taarifa hupelekwa mahakamani chini ya kiapo, na mahakama inaweza kutoa samansi, yaani wito wa kufika mbele yake, au kibali cha kukamatwa. Anayekamatwa analindwa na Katiba ya mwaka 2010: kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, kwa kawaida si zaidi ya saa 24, na kifungu cha 50 kinampa haki ya kusikilizwa kwa usawa, ikiwemo kupata mkalimani bila malipo endapo haelewi lugha ya mahakama. Ukiukaji ukithibitishwa, mahakama inaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au inaweza kumhukumu kwa kosa la awali. Na ikiwa hapo mwanzo aliwekwa kwenye probesheni bila kutiwa hatiani, humtia hatiani kwanza. Katika kuchagua njia, sababu ya ukiukaji ina uzito mkubwa, kwa kuwa mtu aliyehama kutafuta kibarua akamweleza afisa wake mapema huwa na jambo la kueleweka, na uangalizi wake unaweza kuhamishiwa eneo jipya, lakini aliyenyamaza mpaka akatafutwa na polisi huwa amejifungia mlango huo mwenyewe.

Namna ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni kutenda kosa jingine wakati amri ingali hai. Kinachoangaliwa ni siku kosa hilo lilipotendwa, wala si siku kesi yake ilipoamuliwa, na mhusika huweza kuadhibiwa kwa makosa yote mawili, huku vifungo vikitumikiwa kimoja baada ya kingine ikiwa mahakama haikuamuru viende sambamba. Mara adhabu ya kosa la awali inapotolewa, amri ya probesheni hukoma.

Aliyehukumiwa na mahakama ya hakimu kwa sababu ya ukiukaji anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Akiwa tayari yuko gerezani, humkabidhi mkuu wa gereza ombi lake la rufaa, naye ana wajibu wa kulifikisha mahakamani.