Wekundu wa miombo

Swali: Naishi Chidya. Picha za misitu ya Ulaya iliyogeuka rangi hunivutia. Huku kwetu nitapata wapi kitu kama hicho, na lini?

Jibu: Unacho mlangoni, ndugu yangu. Kule jani huwa jekundu likikaribia kudondoka. La miti ya miombo huwa jekundu linapochipua. Nenda Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Usilipe jua mgongo: likabili, mwanga upenye jani mpaka mishipa yake ionekane. Ukipiga picha kwa simu, gusa jani kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo. Siku za moshi wa kuchoma mapori, mandhari ya bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu, Newala, hufifia kabisa. Siku hizo, sogelea tawi moja tu.