SOMO LETU: UWANJA ULIO KANDO YA KINAMASI



Wengi wetu hapa Pemba tumejenga kilimani, na nyuma ya nyumba ardhi huteremka mpaka bondeni penye kinamasi. Kila mwaka twafyeka, twachoma na kuchimba mitaro. Mwakani matete yamerudi pale pale. Basi leo tujifunze namna ya kuutunza uwanja huo bila ya taabu.

La kwanza: Mkarafuu usipandwe hapo. Mti huu wapenda mvua, lakini mizizi yake haistahimili maji yaliyotuama. Sisi wenyewe tuliwahi kupanda miche 12 ukingoni. Mwaka wa kwanza ilipendeza macho. Masika ya pili majani yakageuka manjano, na haukupona hata mmoja. Hatukuwa na wa kumlaumu ila nafsi zetu.

La pili: Acheni ukanda wa hatua 10 hivi kutoka majini, usilimwe wala usichomwe moto. Matete na mafunjo huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Hapo pandeni mikindu, ambayo haiogopi maji wala haidai palizi. Na akina mama watapata ukindu wa mikeka karibu na mlango.

La tatu: Wenyeji wa bondeni wasifukuzwe. Samaki wadogo hula viluwiluwi vya mbu, na kereng'ende huwakamata mbu wenyewe. Yangeyange hula panzi. Popo wa Pemba, asiyepatikana po pote pengine duniani, hutawanya mbegu za miti usiku sisi tumelala.

Mtu atauliza, "Na homa je?" Ni kweli, kinamasi kina mbu, na chandarua kisiachwe. Lakini vifuu, makopo na matairi yenye maji hayana samaki wala kereng'ende; humo mbu huzaliana bila ya adui. Maji hayo yamwageni kila wiki.

La nne: Kazi ya mwaka ni moja tu. Wakati wa kaskazi, kateni matete kwa mundu, nusu mwaka huu na nusu mwakani, ili ndege wasikose maficho.

Nguvu mtakayoiokoa bondeni ipandisheni kilimani, mkapalilie mikarafuu. Huko ndiko kwenye faida yake.