Agosti Usiende, Fundi

*Shangazi, mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Muheza, ninaishi Coventry na mke wangu na watoto wawili. Kanisa letu hapa limeandaa safari ya kujitolea: Agosti tunakwenda wiki mbili karibu na Soroti, mashariki mwa Uganda, kuchimba msingi na kuanza kuta za shule ya watoto viziwi. Tuko kumi na sita, wengi wanafunzi wa chuo. Mwafrika ni mimi peke yangu, na fundi ni mimi peke yangu. Kila mtu anajilipia pauni 1,900. Mke wangu amekasirika. Anasema nina mdogo wangu wa kike, kiziwi, kule nyumbani, na pesa hizo zingemnunulia cherehani ya maana na nyingine zikabaki. Nilipompigia mama simu ya picha kumweleza habari ya safari, mdogo wangu alikuwa pembeni. Akauliza kwa mikono jambo ambalo mama alisita kunifasiria: huko Uganda nitaongea nao vipi, wakati yeye sijawahi kuongea naye bila mama kuwepo? Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Niende au nisiende?*

*Fundi wa Coventry*

Mwanangu,

Agosti usiende. Nimelitanguliza jibu kwa kuwa najua ungerukia mwisho kulitafuta. Sasa kaa tuzungumze, maana sikusema usiende kabisa.

Hebu niambie, fundi umeme ana kazi gani kwenye shimo la msingi? Utabeba ndoo za zege pamoja na wale wanafunzi, mgongo ukuume, mpige picha, mrudi. Soroti haikosi vijana wa kubeba zege. Wapo wanaoamka alfajiri kutafuta kibarua hichohicho, na wapo waashi waliozeeka na mwiko mkononi. Waulize wenzako nauli ya mtu mmoja ingewalipa mafundi wangapi wa palepale, na kwa wiki ngapi. Hesabu hiyo ifanyike kikaoni, kwa sauti, mchungaji akisikia.

Zamu yako inakuja baadaye. Kuta zikishapanda, zikafungwa linta, wakapaua, hapo ndipo anatafutwa mtu wa kupitisha bomba za waya kabla ya lipu, kisha kufunga taa, soketi na swichi. Na wewe hutakuwa mgeni wa kazi: Uganda wanatumia umeme wa volti 240 na soketi zilezile za pini tatu bapa unazofunga kila siku huko Coventry.

Tena nikuambie, shule ya viziwi ina haja na fundi umeme kuliko shule nyingine yoyote. Mtoto anayesikia, taa ikizimika, anaendelea kumsikia mwalimu gizani. Kiziwi taa ikizimika mazungumzo yamekwisha. Bwenini usiku, kwenye korido ya chooni, jikoni wakati wa chakula cha jioni, palipo na giza mtoto amefungwa mdomo. Kwa hiyo umeme wa akiba, betri na sola, usihesabiwe kuwa anasa ya kuongezwa pesa zikibaki. Kengele ya shule iwe taa inayowaka na kuzima. Ving'ora vya moto viwe vya kuonekana, na bwenini ndiko vianzie, kwa sababu aliyelala haamshwi na kelele asizozisikia. Mwalimu asisimame mbele ya dirisha, maana mwanga ukimpiga mgongoni, uso na mikono vinakuwa kivuli kitupu.

Wenye elimu hii wapo. Chuo Kikuu cha Gallaudet kule Washington, kilichoanzishwa kwa ajili ya viziwi, kimeshughulika na ujenzi wa namna hii tangu 2005: korido pana ili wawili watembee huku wakiongea kwa mikono, viti vya nusu duara ili kila mtu amwone mwenzake, kuta zisizong'aa, zenye rangi inayoachana na rangi ya ngozi. Kwa watoto wetu weusi ningesema rangi nyepesi, ya bahari au majani machanga, maana ukuta wa rangi nzito utaimeza mikono. Muulize mchungaji kama ramani ya shule yenu imeonyeshwa kiziwi hata mmoja. Uganda kuna chama cha taifa cha viziwi tangu 1973, na katiba yao ya 1995 inaitaja lugha ya alama. Watu wa kuulizwa hawako mbali.

Halafu uliza nani atafundisha, na kwa lugha gani. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana barua yako ndefu haina mwalimu hata mmoja ndani yake. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote watu wanaosikia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na kusoma midomo ya wenzake. Baada ya hapo katika shule nyingi, zenye kuta nzuri na mapaa imara, watoto waliadhibiwa kwa kosa la kuongea kwa mikono yao. Azimio lile lilikuja kukataliwa rasmi 2010, kwenye mkutano wa Vancouver, Kanada. Sasa walinganishe walimu hao na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa mtoto wa miaka 11. Alifika Ghana 1957 hana jengo. Alianza kufundisha kwenye madarasa ya kuazima, baada ya wanafunzi wenye kusikia kuondoka. Alichokuja nacho ni lugha ya alama, na yeye mwenyewe kuwa kiziwi aliyesoma. Alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, akafa 1987 katika ajali ya ndege Rwanda, akiwa njiani kwenda Kenya. Kama ninyi mna pesa za tiketi kumi na sita na hamna mshahara wa mwalimu kiziwi, basi hapo itajengwa nyumba tu.

Na jambo moja la aibu ambalo watu wazima hawapendi kulisema. Shule ya bweni ya watoto wasioweza kujieleza kwa watu wa nje ni mahali ambapo mkosaji anaweza kujificha. Uliza mtoto akiguswa vibaya atamwambia nani, na kama huyo mtu anazijua alama. Uliza pia wageni wanakaguliwa vipi kabla ya kuachwa karibu na watoto. Wakichukia swali, umeshapata jibu.

Turudi nyumbani. Mkeo ana haki ya kukasirika, ila cherehani yake sikubaliani nayo. Mdogo wako hakuomba cherehani. Aliuliza swali, na kumnunulia kitu ni njia ya kulikwepa. Umekua naye nyumba moja, na mpaka leo mama yenu ndiye daraja. Mama akifunga macho mtaongea vipi? Simu yako ina kamera, na lugha ya alama inapita vizuri kwenye simu ya picha kuliko hata Kiswahili changu. Mpigie yeye. Mama awe jikoni. Wiki za kwanza mtacheka zaidi ya kuelewana, na itakuuma kuona ulivyo mzito, lakini mwalimu bora zaidi ya huyo humpati. Usidhani alama za Uingereza zitakufaa kwake, wala zake hazitakuwa zilezile za Uganda; nchi nyingi zina lugha zao. Lakini atakayekuwa ameizoesha mikono na macho yake kwa moja hataanza ya pili kama mjinga.

Tena umesema mwenyewe kwamba alisoma shule ya viziwi... la, hukusema, nimedhani. Tazama, hata hilo hukuona haja ya kuniandikia. Basi muulize. Kama alisoma bweni, anajua taa ya korido inakosekana wapi, kengele ilivyokuwa, usiku waliogopa nini. Kama hakupelekwa shule, atakueleza alikosa nini, na hilo nalo liingie kwenye ramani. Mlipe kwa ushauri wake kama kanisa linavyomlipa mchora ramani. Akitaka kununua cherehani kwa pesa hiyo, ni uamuzi wake.

Mwandikie mchungaji wiki hii, kabla hawajakata tiketi. Mwambie jina lako litolewe kwenye safari ya Agosti, fungu lako libaki kwenye akiba ya waya na betri, na wakishapaua wakuite, uende mwezi mzima badala ya wiki mbili. Maswali ya mwalimu, ramani na usalama wa watoto yaandike humohumo, na udai majibu kwa maandishi. Yasipokuja, usiende hata wakishapaua.