RANGI YA BAHARI NA AFYA YETU

Simama ufukweni Mtoni Kijichi siku mbalimbali. Utaona kwamba bahari haina rangi moja. Leo ni buluu, kesho ni kijani. Wakati wa kaskazi pengine huonekana mistari ya kahawia kama unga wa mbao. Mara nyingi huo si uchafu wa meli. Ni mimea midogo sana inayoelea. Wataalamu huiita fitoplanktoni.

Mimea hii hupimwaje? Hupimwa kwa mwanga. Jua linapopiga majini, mimea hunyonya mwanga wa buluu na mwekundu. Ule wa kijani hurudi juu. Kila jamii ya mimea hunyonya na kurudisha mwanga kwa namna yake. Kwa hiyo mtaalamu hupima mwanga unaotoka majini, akajua kama mimea ni mingi, na pengine ni ya jamii gani. Tangu mwaka 1978 kazi hii hufanywa hata kutoka angani. Februari 2024 Marekani ilirusha chombo kiitwacho PACE, kinachotenganisha rangi nyingi zaidi.

Hata wewe unaweza kupima. Funga sahani nyeupe kwa kamba, iwe na jiwe la kuizamisha. Ishushe majini ukiwa ndani ya mtumbwi. Ikipotea machoni, pima urefu wa kamba. Mtaliana Angelo Secchi alifanya hivyo mwaka 1865. Lakini wakati wa masika mto Kizinga huleta tope, na sahani itapotea upesi. Tope hudanganya hata vyombo vya angani.

Haya yanahusu afya kwa sababu baadhi ya mimea hii ina sumu. Chaza na kombe huchuja maji, na sumu hubaki katika nyama yao. Kuipika hakuiondoi. Kasa naye hudhaniwa kupata sumu kwa vitu anavyokula baharini. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula kasa.

Maji yakibadilika rangi ghafla, usiokote chaza wala kombe. Lakini usidhani kuwa maji maangavu hayana sumu kamwe. Kasa usile kabisa. Mtu akila vitu hivi akapata ganzi midomoni, akatapika au akapumua kwa shida, mpelekeni zahanati mara moja. Mwelezeni mganga alichokula na mahali kilipookotwa. Wengine humpa mgonjwa maziwa, kisha wakangoja. Maziwa hayaondoi sumu hii.