SOMO LA KIKUNDI: Tukienda Nyumba ya Wazee, Tuangalie Nini?



Wengi wetu tumewahi kutembelea nyumba ya wazee. Kikundi kinachanga pesa, tunanunua sukari, sabuni na unga, tunakodi matatu, tunafika tukiimba. Wazee wanaletwa nje kwa viti. Tunatoa zawadi, tunaomba pamoja, tunapiga picha, tunarudi nyumbani na furaha. Hiyo si vibaya. Lakini leo tujiulize: siku ile tulipoenda, tuliona nini hasa?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilienda na kikundi cha akina mama kwa nyumba moja, tukapeleka blanketi 20. Sakafu ilikuwa imepigwa deki hadi inang'aa, vitanda vimetandikwa. Nilipokuwa nikiaga, nyanya mmoja alinishika mkono akasema polepole, "Mwanangu, hii blanketi nitakaa nayo mpaka mtoke kwa geti." Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikaandika ripoti kwamba nyumba ni safi na wazee wanatunzwa vizuri.

Miezi 3 baadaye nilipita pale asubuhi bila kuambia mtu. Nilimkuta amelala juu ya godoro bila shuka, amejifunika leso. Blanketi zetu zilikuwa stoo, zimefungiwa na kufuli "zisichafuke". Kwenye kiuno chake, pale mfupa unapoishia, palikuwa na kidonda kikubwa cha kulalia. Tulimpeleka hospitali, lakini hakukaa siku nyingi. Yule nyanya alikuwa ameniambia. Mimi ndiye sikusikia.

Ndiyo sababu naandika somo hili. Tutafuata njia yetu ya kila siku: Kuona, Kupima, Kutenda.

Kwanza: je, ni haki yetu kuuliza?

Mtu atasema, "Sisi ni wageni tu, tutaanzaje kukagua nyumba ya wenyewe?" Ni kweli hatuna mamlaka ya serikali, wala hatuendi kama polisi. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Kwa Katiba hiyo, mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60. Basi blanketi si huruma tu, ni haki yake. Na tena, anayechanga ana haki ya kujua alichochanga kimefika wapi.

Kabla ya kwenda

Zungumzeni na msimamizi wa nyumba. Mwambieni wazi kwamba mngependa kuja mara kwa mara, siku nyingine bila kutoa habari mapema. Nyumba inayotunza vizuri haiogopi hilo. Siku ya Wazee Ulimwenguni ni tarehe 1 Oktoba, na siku hiyo kila mahali pamefagiliwa. Nendeni pia Februari. Nendeni saa ya chakula, na jioni taa zikiwashwa.

Msiende watu 40. Watu 4 wanatosha: mmoja wa kuangalia jikoni na maji, mmoja vyumba na choo, mmoja dawa na daftari, na mmoja kazi yake ni kukaa chini na wazee tu. Huyu wa nne ndiye mkubwa wa wote.

KUONA

1. Njia, vyumba na choo. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, wengi hawaamki tena kama zamani. Kwa hiyo tembea mwenyewe kutoka kitandani hadi chooni, polepole, kama mtu anayetumia bakora. Kuna ngazi? Kuna mkeka unaoteleza? Kuna taa usiku? Kwa choo kuna chuma au mti imara wa kushikilia? Mlango ufunguke kwa nje, maana mzee akianguka ndani anauziba kwa mwili wake. Keti kitandani: miguu ikanyage chini vizuri. Kama choo ni cha shimo, kiti cha mbao chenye tundu fundi wa kijiji anaweza kukitengeneza.

2. Moto na hewa. Uliza ufunguo wa mlango unakaa wapi usiku. Kama umefungwa kwa nje na kufuli na mlinzi yuko getini, hiyo ni hatari kubwa. Madirisha yenye vyuma yawe na moja angalau linalofunguka. Angalia mtungi wa kuzima moto: mshale uwe kwenye rangi ya kijani, na mtu aliye zamu ajue kuutumia. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala. Lile joto linapendeza, lakini makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

3. Chakula na maji. Uliza chakula cha jioni ni saa ngapi na uji wa asubuhi ni saa ngapi. Wakila saa kumi na moja jioni hadi saa tatu asubuhi, hizo ni saa 16 na tumbo tupu. Je, asiye na meno anapikiwa chakula laini? Asiyeweza kujilisha analishwa na nani, na kwa haraka gani? Mwili wa mzee hauhisi kiu kama wa kijana, kwa hiyo maji na kikombe viwe karibu na mkono wake, si mezani ng'ambo ya chumba. Waulize kama wazee hupimwa uzito kila mwezi. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 kwa mwezi mmoja, hilo si jambo la kungoja. Mpishi naye awe na cheti cha afya ambacho hakijapitwa na wakati.

4. Ngozi. Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda kwa visigino, nyonga na kiuno. Inafaa ageuzwe kila saa 2 hivi, na iandikwe. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, bali mahali pale hupata joto au hukaza kuliko pengine. Lakini tusimfunue mzee mbele za watu! Mwombe muuguzi akueleze, na mzee mwenyewe akubali. Shuka yenye mkojo wa tangu asubuhi utaijua kwa pua.

5. Dawa. Zikae kwenye kabati lenye kufuli, za kila mtu kando na jina lake. Kuwe na daftari: nani amepewa nini, saa ngapi, na sahihi ya aliyetoa. Soma tarehe za mwisho. Kama wazee wote wanasinzia saa nne asubuhi, uliza kwa upole: kuna dawa ya usingizi inatolewa? Nani aliiandika? Dawa ya kunyamazisha watu si matunzo. Kumfunga mzee kwenye kiti na kamba pia si matunzo.

6. Pesa. Wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa kwa mpango wa Inua Jamii hupangiwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zikifika, nani anazichukua? Kitambulisho na kadi ya benki viko kwa nani? Kuwe na ukurasa wa kila mzee, pesa zilizoingia na zilizotoka, na yeye au jamaa yake aonyeshwe.

7. Swali la saa nane usiku. Ukisahau yote, kumbuka hili moja: "Saa nane ya usiku nyanya akitaka kwenda choo, anamwita nani, na huyo anasikia?" Jibu lake litakueleza habari za wafanyakazi, taa, njia na heshima kwa pamoja.

Kusikiliza

Ongea na mzee mahali ambapo mfanyakazi hasikii. Usiulize, "Mnatunzwa vizuri?" maana atasema ndiyo, kwa adabu au kwa woga. Uliza, "Jana ulikula nini? Uliamka saa ngapi? Ni nani unampenda hapa? Kuna kitu kinakuogopesha?" Tazama kama ananyamaza mtu fulani akiingia. Aliyesahau mambo mengi naye asikilizwe. Yule nyanya wangu walisema amechanganyikiwa.

KUPIMA

Msikimbilie kulaumu. Katika nyumba ile niliyosema, usiku kulikuwa na dada mmoja tu wa kutunza watu 22, na mshahara wake ulikuwa umechelewa. Hawezi kuwageuza wote kila saa 2 hata akiwa malaika. Kwa hiyo mkikaa chini, gawanyeni mliyoona kwa mafungu 3:

- Yanayoweza kutengenezwa na fundi na harambee kidogo (chuma cha choo, taa, ngazi).
- Yanayohitaji mipango ya msimamizi (zamu za usiku, daftari, saa za chakula).
- Yanayoumiza mtu sasa (kupigwa, kufungwa, kunyimwa chakula, kuibiwa, kidonda kisichotibiwa, mlango uliofungwa kwa nje).

KUTENDA

Fungu la kwanza, tusaidie wenyewe. La pili, tuzungumze na msimamizi ana kwa ana, tuandike tulichokubaliana na tarehe, kisha turudi baada ya wiki 2 kuona. La tatu halingoji mkutano. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uhalifu upelekwe polisi. Wakati huo huo mwambieni afisa wa maendeleo ya jamii na chifu, na mambo ya uchafu na jikoni afisa wa afya ya umma. Andikeni mliloliona kwa macho, siku na saa, bila kuongeza chumvi. Na mwenye kusema siri, msimtaje jina mbele ya wale anaowaogopa. Nyinyi mtaondoka na matatu, yeye atabaki.

Maswali ya kujadili

1. Mara ya mwisho tulipotembelea wazee, tuliongea na wangapi kwa majina yao?
2. Zawadi tulizopeleka ziko wapi leo? Nani ataenda kuuliza?
3. Kuna nani katika kijiji chetu ambaye amezeeka peke yake? Tukimpima nyumbani kwake kwa maswali haya 7, tutapata nini?
4. Je, mama yangu nyumbani kwangu, saa nane ya usiku, anamwita nani?

Kazi ya mwezi huu: chagueni watu 4, mpeane kazi kama nilivyoeleza, mwende mara moja bila zawadi yoyote. Mikono mitupu inaona vizuri zaidi. Mkirudi, kila mmoja asimulie alichosikia kwa mzee mmoja, naye katibu aandike.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tukifika, je, mwenyeji anapona?