Harusi ya Masika: Kutoka Sinema Hadi Jukwaani

Wanafunzi kadha wameuliza kama hadithi iliyoonyeshwa katika sinema yaweza kuchezwa jukwaani kwa nyimbo bila kuharibika. Yaweza, na imefanyika mara nyingi. The Producers, filamu ya kuchekesha ya Bwana Mel Brooks, ilitoka Marekani mwaka 1967. Mwaka 2001 ikachezwa New York kwa nyimbo, ikapata tuzo 12 za Tony. Lakini tusiende mbali hivyo. Iko hadithi nyingine ambayo mwenyewe ameishi miaka mingi hapa jirani, Kampala.

Huyo ni Bibi Mira Nair, mzaliwa wa India, ambaye mwaka 2004 alianzisha Kampala chuo cha filamu kiitwacho Maisha kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki. Filamu yake Monsoon Wedding, nasi tuiite Harusi ya Masika, ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 2001. Mwandishi wake ni Bibi Sabrina Dhawan. Mwaka 2017 Bibi Nair aliipandisha jukwaani Berkeley, California, kwa muziki wa Bwana Vishal Bhardwaj. Ikachezwa Doha mwaka 2022 na New York mwaka 2023.

Bwana Lalit Verma wa Delhi anamwoza binti yake Aditi kwa Hemant, kijana akaaye Marekani, ambaye binti hamjui. Jamaa wanafika kutoka kila pembe, fedha zinakwisha, na mvua i karibu. (Aliyewahi kuandaa harusi Mbwara mwezi wa Aprili haelezwi hofu hiyo.) Anayechekesha zaidi ni Dubey, fundi wa kupamba harusi. Hujigamba kwa simu yake, hutafuna maua ya mapambo, kisha anampenda Alice, mtumishi wa nyumba, na maneno yote yanamkauka kinywani.

Sasa tazameni tofauti. Katika sinema kamera humsogelea mtu hata tukaona koo lake likimeza mate, wala hana haja ya kusema. Jukwaani, aliyeketi safu ya nyuma haoni koo la mtu. Ndiyo sababu mhusika hupewa wimbo: yale ambayo uso uliyasema kimya, sauti huyatoa hadharani. Wimbo usiofanya kazi hiyo ni pambo tu, na heri uondolewe. Tena wimbo hula wakati. Dakika nne za kuimba zitatoka wapi kama si katika mazungumzo? Basi mwandishi hana budi kuwaacha baadhi ya jamaa nyumbani.

Liko jambo gumu zaidi. Ria, yatima wa baba aliyelelewa na Lalit, anafichua kwamba Tej, shemeji yake Lalit, alimchezea mwili alipokuwa mtoto, na sasa anamzengea binti mwingine mdogo. Tej huyo ndiye aliyeifadhili nyumba ile kwa fedha. Lalit anajikaza, anamfukuza mbele ya jamaa wote, siku ile ile ya harusi.

Je, mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo waweza kubeba jambo kama hilo? Naona waweza, lakini hapo ngoma zinyamaze kabisa. Watu waliokuwa wakicheka kwa saa nzima huusikia ukimya huo kuliko ambavyo wangesikia hotuba. Na mwalimu atakayetaka sehemu hiyo ikatwe kwa kuwa wazazi wamealikwa, namwomba afikiri tena: wazazi ndio hasa wanaopasa kumwona Lalit akichagua. Watoto nao wataona kwamba Ria alisema, akasadikiwa.

Kazi ya likizo: chagueni tukio moja la kimya katika filamu yo yote mliyoiona, mtunge beti mbili ambazo mhusika angeimba pale. Msomeeni mtu asiyeiona filamu hiyo. Akiuliza, "Kwani kumetokea nini?", andikeni upya.