Tiba Huanza Pale Alipoangukia

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatoka nje ya zahanati na kupanda mlima. Tutazungumza juu ya watu wanaopotea au kuumia mbali na barabara, na juu ya majirani wanaokwenda kuwatafuta na kuwabeba. Katika nchi nyingine kazi hiyo ina vikundi vyake vyenye sare, kamba ndefu na mbwa. Kwetu inafanywa na yeyote aliyesikia yowe. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayeuliza zamu ni ya nani. Huo ni utajiri mkubwa. Lakini sisi wauguzi tunaowapokea majeruhi mlangoni tunaona jambo moja linalosikitisha: wako wanaoumizwa zaidi na safari kuliko walivyoumizwa na mlima. Kwa hiyo somo letu ni kuhusu saa zile za kwanza, kabla gari halijapatikana.

Nchi yetu tunaijua. Milima ya Umatengo ina sehemu zinazopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Anayetoka Mapera au Litembo kushuka ziwani anapita mteremko wa zaidi ya kilometa moja kwenda chini, penye mawe, makorongo na misitu ya miombo. Masika njia zinateleza na vijito vinajaa kwa muda mfupi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku si ya mchezo. Wanaopatwa na shida ni watu wa kazi za kila siku: mama aliyefuata uyoga au masuku akapotea, mpasua mbao aliyeangukiwa na gogo, mtoto aliyefuata mbuzi, mzee aliyeanza kusahau njia. Wengine, tuseme ukweli, ni wale wanaorudi kutoka kilabuni usiku bila tochi.

Tuanze na kutafuta. Yowe likipigwa, kila mtu hukimbia upande wake, na baada ya saa mbili watafutaji nao wanatafutwa. Kabla ya kuondoka ulizeni: Alionekana mwisho wapi, saa ngapi, akielekea wapi? Amevaa nini? Ana ugonjwa gani, kwa mfano kifafa au kisukari? Mtu mmoja abaki nyumbani, maana mara nyingine aliyepotea hurudi mwenyewe, na watu wanaendelea kuhangaika porini hadi asubuhi. Wengine waende wawiliwawili, wakiwa na tochi, maji, blanketi na kitu cha kulia sauti, kama filimbi au debe.

Wazee wetu waliigawa nchi kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima wenye mito pande zake. Mgawanyo huo unafaa sana kwa kazi hii. Kila kundi lipewe ntambo moja na mipaka yake ya mito, likaimalize kabla ya kuhamia nyingine. Anzeni na njia panda, vivuko vya mito na mahali penye matunda au uyoga. Iteni jina lake, kisha nyote mnyamaze kabisa kwa dakika moja. Kunyamaza huku watu wengi hawakuwezi, lakini aliyeumia ana sauti ndogo, na kelele za waokoaji ndizo zinazoizima.

Mtoto mdogo anaweza kujificha asiitike, hasa akisikia sauti za wanaume asiowajua gizani. Tangulizeni sauti ya mama yake, na chungulieni chini ya vichaka na ndani ya mashimo. Mzee aliyesahau njia kwa kawaida huenda mbele tu mpaka akwame, basi tazameni penye miiba na kingo za vijito, hata karibu kabisa na nyumbani. Na wewe unayejikuta umepotea: simama. Usishuke korongo gizani kwa matumaini ya kufika mtoni. Kaa karibu na mahali pa wazi, jifunike, piga kelele mara tatu tatu kwa kupumzika. Kama una simu yenye chaji kidogo, andika ujumbe mfupi badala ya kupiga, na mtandao ukikosekana bondeni, jaribu mgongoni ikiwa bado ni mchana.

Sasa mmempata. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Katika mfano wa Msamaria Mwema tunasifu huruma yake, lakini ni wachache wanaoangalia utaratibu wake. Alimfunga majeraha kwanza pale pale njiani, ndipo akampandisha juu ya mnyama wake. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunamwinua, tunamtia mgongoni mwa kijana mwenye nguvu, tunakimbia.

Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika kilele cha Batian cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199. Walipoanza kushuka Judmaier alianguka, mguu ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Mwenzake hakujaribu kumshusha peke yake. Alizuia damu, akamlaza mahali salama, akashuka kutafuta msaada. Wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya, watu wa kujitolea, wakapanda na dawa, vinywaji na kamba. Baadaye waokoaji wengine waliletwa kwa ndege kutoka Innsbruck. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumfikisha chini, naye akapona. Lakini rubani wa helikopta aliyekuja kumsaidia alianguka na kufa. Nawaeleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, majeruhi aliyezuiliwa damu na kufunikwa anaweza kusubiri muda mrefu kuliko tunavyodhani. Pili, mwokoaji naye hufa. Kabla hujashuka kwa aliyeanguka korongoni, tazama mawe yanayoning'inia, tazama maji, jifunge kamba. Mto ukijaa, subirini upungue.

Ukimfikia, mwite. Kama hajibu lakini anapumua, na huoni dalili kwamba ameanguka kutoka juu, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kiganja chako, kwa nguvu, dakika kumi bila kufunuafunua. Damu nyingi husimama kwa njia hiyo. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka bila kusimama, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kikaze kwa kijiti mpaka isimame, andika saa uliyofunga, wala usikilegeze njiani. Kamba nyembamba ya katani inakata nyama, isitumike. Aliyeumwa na nyoka asifungwe hivyo kabisa, asichanjwe, asiwekewe jiwe jeusi. Alazwe atulie, kiungo kisichezeshwe, abebwe hospitali.

Aliyeanguka kutoka mti, genge au paa, mchukulie kwamba uti wa mgongo umeumia mpaka hospitali iseme vingine. Akisema miguu imekufa ganzi au hawezi kuichezesha, hapo hakuna shaka tena. Mtu mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa kimenyooka na mwili, na huyo ndiye atakayetoa amri. Wengine wanne wamgeuze au wamwinue kwa pamoja kama gogo, bila kumkunja. Asiye na fahamu akitapika, mgeuzeni ubavu kwa namna hiyo hiyo. Ninachokiomba kwa moyo wote ni hiki: msimpakie mtu wa namna hiyo kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Najua gari halipo, najua kijana wa bodaboda ana nia njema. Lakini mfupa wa mgongo uliopasuka tu unaweza kukata mshipa wa fahamu kwenye shimo la kwanza la barabara, na mtu ambaye angetembea tena asitembee.

Mguu uliovunjika usivutwevutwe. Weka fimbo zinazopita kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika, tia nguo laini katikati, ufunge pamoja na mguu mzima. Kisha tazama vidole: vikiwa baridi au vya bluu, umekaza mno.

Baridi tunaidharau kwa kuwa tuko Afrika. Mwili wenye afya una joto la nyuzi 37; likishuka chini ya 35 mtu yuko hatarini. Halihitaji theluji. Mvua, upepo na usiku mmoja mlimani vinatosha, hasa kwa mtoto, mzee na aliyepoteza damu. Kwanza hutetemeka, kisha anajikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka kama mlevi. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa, msifurahi, hali ni mbaya zaidi. Mvueni nguo za maji, mfunikeni kwa kavu pamoja na kichwa, na msisahau chini yake: nyasi kavu au magunia, kwa sababu ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Msimsugue mikono na miguu, msimkalishe juu ya moto, msimtikise. Kama ana fahamu kamili na hana jeraha la tumbo, apewe chai ya moto yenye sukari, kidogo kidogo.

Pombe asipewe. Wengine mmeona picha ya wale mbwa wakubwa wa milima ya Ulaya wenye kipipa cha pombe shingoni. Mbwa hao walikuwepo kweli. Walifugwa na watawa wa nyumba ya wageni ya Mtakatifu Bernardo, mpakani mwa Uswisi na Italia, ambao kwa mamia ya miaka walitafuta wasafiri waliopotea kwenye theluji. Na mwaka 1923 Papa Pio wa 11, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima, alimtangaza Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Ila kile kipipa kilienezwa na mchoro wa Mwingereza Edwin Landseer wa mwaka 1820. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto huku joto la ndani likikimbia. Ulanzi na gongo hufanya vivyo hivyo.

Sasa ndipo tubebe. Machela ya haraka hupatikana kwa miti miwili imara na magunia mawili au matatu yaliyotobolewa pembe, miti ikapita ndani. Ijaribuni kwanza kwa kumlaza mtu mzima. Kwa mwenye jeraha la mgongo tafuteni ubao au mlango. Wabebaji wawe sita au wanane wa kupokezana, mmoja atangulie kuangalia njia, na mmoja asibebe chochote bali atazame uso na pumzi ya mgonjwa muda wote. Fuateni njia hata kama inazunguka. Kukatiza kwenye ngolo usiku, mguu mmoja kwenye shimo na mwingine juu ya tuta, ni kutafuta majeruhi wa pili. Mteremkoni miguu itangulie, mpandoni kichwa kitangulie, machela ikae sawasawa kadiri inavyowezekana.

Machela hiyo hiyo hubeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, na kwetu huo nao ni uokoaji wa mlimani. Alazwe ubavu wa kushoto, asilazwe chali, na mtu awe ameshapiga simu namba 115 kuomba usafiri mnapofikia barabarani. Kwa ajali nyingine ziko namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya Polisi. Pigeni mapema, mkitaja kijiji, kitongoji na mahali gari linapoweza kufika. Msisubiri hadi mfike barabarani ndipo mtafute gari.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang, zaidi ya watu 80 walikufa. Askari walikuja na mitambo, lakini wa kwanza kuchimba kwa mikono walikuwa majirani. Ndivyo itakavyokuwa hata kwetu. Kwa hiyo ombi langu ni kwa Jumuiya Ndogo Ndogo. Chagueni watu sita au wanane wenye miguu mizuri na wasiolewa, wanawake wakiwemo. Mwombeni mhudumu wa zahanati awafundishe siku mbili, kwa kubeba na kufunga kwa vitendo, si kwa kuandika daftarini. Nunueni kwa michango blanketi mbili, tochi, kamba na filimbi.

Kwa majadiliano ya Jumuiya mwezi huu: Je, ni nani kati yetu anayejua kushika kichwa cha aliyeanguka? Ni mahali gani katika ntambo yetu ambapo simu inashika, na je, watoto wanapajua? Machela ya kijiji iko kwa nani, na ufunguo wa chumba hicho anao nani saa nane za usiku?